Alikuwa anavua wenye mimba: kisa cha oska wawili na gapi sita, Dodoma

Mi nina duka la vyakula vya mifugo hapa Nkuhungu, nauza pumba, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga, premiksi (ule unga wa vitamini na madini), dawa za kuku, na nyuma ya nyumba nina kuku wa mayai mia na kitu. Samaki sikuwahi kupanga kufuga. Huku maji ni ya mgao so kila nyumba ina mapipa, na kwenye mapipa ya kumwagilia mchicha mbu walikuwa wanazaliana mpaka aibu, jirani mmoja akaniletea gapi watano kwenye chupa ya maji akasema tupia humo utaniambia. Wiki tatu baadae hamna kiluwiluwi hata kimoja na gapi wenyewe siwezi kuwahesabu. Hao ndo chanzo cha kisa chote hiki.

Kwa asiyewajua, gapi ni kale kasamaki kadogo, dume lina rangi rangi na mkia kama kanga ya sikukuu, jike limepauka tu ila ni kubwa zaidi. Asili yao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya karibu kama Trinidad, na hilo jina walipewa kwa bwana mmoja aliyeitwa Robert John Lechmere Guppy aliyewatuma London kutoka Trinidad miaka ya 1860. Hawatagi mayai, wanazaa watoto kabisa wanaogelea siku hiyo hiyo.

Mwezi wa tatu mtoto wa kaka yangu akaja dukani. Yupo chuo mwaka wa pili, anakaa kwao Ilazo, na kwenye sebule ya kaka kuna tanki la kioo lita kama 300 lenye oska wawili. Oska ni samaki wa Amazoni, mnene, mweusi na mabaka ya rangi ya chungwa, anakua mpaka sentimita 30 na anaishi miaka zaidi ya kumi, na ana akili ya mbwa, ukipita anakufuata kwenye kioo. Hawa walikuwa kama sentimita 18 hadi 20 muda ule.

"Shangazi shikamoo. Naomba wale samaki wako wa pipani."

"Marahaba. Wa nini?"

"Nataka kuwazalisha nilishie oska. Sasa hivi nawalisha goldfishi, wale samaki wadogo wa rangi ya dhahabu, nalipia elfu mbili mmoja, na nauli ya basi kutoka Dar juu, na wengine wanafika wameshakufa."

Nikaona kijana ana hoja. Nikamvulia majike wanne na madume wawili. Na hapo kosa la kwanza ni langu mwenyewe nalikubali, sikumuuliza swali hata moja. Mteja akija dukani kuniambia anaanza kuku mia lazima nimuulize banda lina upana gani na chakula cha mwezi wa kwanza kipo, ila kwa sababu ni samaki na ni mtoto wa nyumbani nikampa tu akaenda zake.

Akawaweka kwenye beseni la plastiki la lita 60 barazani. Ndani ya wiki mbili jike la kwanza likazaa, akanitumia voisi anapiga kelele, "shangazi thelathini na nane! nimewahesabu mara mbili!" Hiyo haikunishangaza, wale majike walitoka kwangu na mimba tayari, jike la gapi halitoki pipani bila mimba, na hata ukilitenga na dume anahifadhi mbegu ndani yake anaendelea kuzaa kwa miezi mingine kadhaa. Mimba ni kama wiki nne, kukiwa na joto inapungua kidogo, kukiwa na baridi inarefuka. Kwa uzao mmoja unapata ishirini, thelathini, jike kubwa zaidi ya hapo.

Mpaka mwisho wa mwezi wa nne kwa macho alikuwa na kama tisini humo ndani. Wiki ya kwanza ya mwezi wa tano akaanza kuvua, watano kwa kila oska kila siku, jumla kumi kwa siku. Tarehe 14 akanipigia.

"Shangazi samaki wako hawazai tena. Labda wamezeeka."

Nikaenda Jumapili baada ya kanisa. Nikakaa kwenye kigoda nikahesabu kimoja kimoja. Madume kumi na moja. Jike mmoja, mdogo. Na vifaranga vichache vya juzi juzi vimejibanza kwenye kona. Basi.

Sasa hapa ndo penye kisa chenyewe. Nikamwambia hebu nioneshe unavyovua. Akachukua kineti chake, akakizungusha mara moja tu, akanyanyua, akasema "nachukua wale wanono shangazi, oska wanawapenda". Ukiangalia gapi jike mwenye mimba, karibu na mkundu kuna doa jeusi, na kadri siku za kuzaa zinavyokaribia doa linapanuka na tumbo linakuwa la pembe nne kama kiberiti. Huyo hana mbio. Dume ni mwembamba, anakata maji kama risasi, neti ikija ameshafika upande wa pili. So kila neti iliyoingia ilitoka na mzazi. Siku tatu nne za mwanzo alikuwa amewamaliza wale majike wanne niliompa, na kila mmoja alikwenda na tumbo la watoto thelathini ndani, halafu siku zilizofuata akawa anamaliza mabinti zao walioanza kunenepa. Yaani ni sawa na mtu mwenye kuku wa mayai kila siku anachinja mtetea anayetaga kwa sababu hakimbii, jogoo wanabaki wanawika tu, na mwisho wa mwezi anauliza mbona mayai hamna.

Nilicheka, ila nikajua tatizo halijaishia hapo, maana hata angevua madume tu hesabu ilikuwa inakataa. Tukakaa na daftari.

Anataka kumi kwa siku, mwezi mia tatu. Majike wanne wakizaa thelathini kila mwezi ni mia na ishirini, lakini beseni lake lilikuwa tupu kabisa, halina majani halina kitu, na gapi anakula watoto wake mwenyewe bila haya, hapo ukibaki na theluthi umebahatika. Arobaini. Yeye anataka mia tatu. Tuseme angeboresha mambo akabakiza ishirini kwa kila jike, angehitaji majike kumi na tano wanaozaa kila mwezi bila kukosa. Bado hapo hujagusa kitu ambacho watu wengi wanakisahau, kifaranga cha gapi kinahitaji miezi miwili mpaka mitatu kufika ukubwa wa kueleweka, so ukitaka kuvua mia tatu mwezi huu lazima wawepo mia tatu wa mwezi ujao na mia tatu wa mwezi unaofuata, wote wanakula, wote wananya, kwenye maji yale yale. Mia tisa. Kwenye beseni la lita 60!

Halafu nikafanya kitu ambacho mpaka leo nakisimulia. Nilimwambia aje dukani na gapi kumi wa saizi anayolishia. Pale nina mizani ndogo ya kupimia premiksi, inasoma gramu. Tukaweka kikombe cha maji, tukasawazisha ziro, tukatumbukiza kumi wote. Gramu 4. Tukarudia, 4. Kijana akaangalia mizani akaniangalia mimi. Miezi miwili na nusu ya kubadilisha maji na kulisha asubuhi na jioni, unapata gramu 4 za samaki, na sehemu ya hiyo ni miba na mkia. Kipande cha minofu ya perege cha gramu 4 ni kama ncha ya kidole gumba, ukinunua perege mmoja wa bwawa la Mtera pale sokoni Majengo unakata vipande vya wiki nzima.

Kwa hiyo wale wanaosema wanafuga samaki wa kulishia ili wapunguze gharama ya chakula, mi nawaambia hesabu hiyo haipo, labda uwe na mabwawa. Unachopata kwa gapi wa nyumbani ni vitu vingine viwili. Kimoja ni mnyama wako kuwinda, oska akikimbiza kitu mwili unafanya kazi na rangi inawaka. Cha pili, ambacho kwangu ndo kikubwa, ni usalama, unajua yule samaki alizaliwa wapi na alikula nini. Wale wa kununua wanatoka kwenye matanki yaliyojazana mia kwa mia, wanakuja na madoa meupe kama punje za chumvi kwenye mapezi, au minyoo ya nanga inayoning'inia ubavuni kama kipande cha uzi, wewe unamwaga moja kwa moja kwenye tanki la mnyama wako wa laki.

Hayo tuliyaongea mwezi wa tano. Alinielewa? Alinielewa. Akafanya? Mwezi wa sita kulikuwa na mitihani, gapi waliobaki akawaacha, akarudi kwenye goldfishi wa basi.

Tarehe za mwanzoni mwa mwezi wa saba saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inaita. "Anti, mdogo anazunguka." Mdogo ni yule oska mdogo kati ya wale wawili. Akiniita anti najua kuna jambo.

Mnaokaa Dodoma mnaijua Julai. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana jua kali, usiku upepo unaingia mpaka kwenye mifupa, asubuhi watu wamevaa makoti na masweta ya bibi. Nilibeba kipimajoto changu cha kwenye bruda, kile kibanda cha joto cha vifaranga wa kuku. Nikakitumbukiza kwenye tanki: 18. Oska anataka 24 mpaka 28. Nikauliza hita iko wapi, ipo, imechomolewa. Wifi yangu akasema taratibu tu, "mwenzangu umeme wa luku ulikuwa unaisha kila baada ya siku nne, nikawa nachomoa usiku naichomeka asubuhi nikikumbuka". Sikumlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwambia ile nyaya nyeupe inafanya nini.

Yule mkubwa alikuwa chini, mweusi tii, amekunja mapezi, ila yupo wima. Yule mdogo alikuwa amelala ubavu. Ukigonga kioo anashtuka, anaruka, halafu anazunguka kama pia, kichwa chini, mara tatu nne, anaanguka tena ubavu, mwili unatetemeka kama mtu mwenye degedege. Nimefuga kuku miaka kumi na moja, ile kitu niliiona nikakumbuka kuku mwenye upungufu wa vitamini B1, anavyorudisha kichwa nyuma akaangalia mbinguni.

Washukiwa walikuwa watatu na ilibidi twende nao mmoja mmoja.

Baridi kwanza. Ilikuwepo, tumeipima, na inaeleza vizuri kwanini wote wawili hawali, samaki wa joto akipoa tumbo halisagi. Lakini wote walikuwa kwenye maji yale yale ya nyuzi 18, kwanini mmoja tu azunguke?

Pili maji. Chini ya tanki kulikuwa na vichwa vya goldfishi vimeoza, filta imeziba inatoa maji kama bomba la saa nane mchana. Hapo lazima amonia ilikuwepo. Na maji yetu haya mnayajua, yanatoka visimani kule Makutupora, magumu, birika linaota ukoko mweupe ndani ya wiki. Ugumu huo gapi wanaupenda sana, ndo maana pipani kwangu wanazaana kama wamelipwa, ila kwa amonia ni habari mbaya, maana maji yakiwa upande wa alkali sehemu kubwa zaidi ya amonia inabaki katika ile hali yake yenye sumu, kiasi ambacho kwenye maji laini samaki angevumilia, huku kwetu kinamuunguza. Ila samaki wa amonia unamwona anahema juu juu, mashavu mekundu. Hawa hawakuwa hivyo.

Tatu chakula, na hapa nikamuuliza kijana maswali kama polisi. Mkubwa anakula nini? Anakula kila kitu, pelleti (chakula cha dukani cha punje), mende, panzi, vipande vya nyama dada wa kazi akikata jikoni. Na mdogo? Mdogo anachagua, pelleti anatema, tangu Januari anakula wanaotembea tu. Na wanaotembea ni akina nani? Ukitoa zile siku chache za gapi, miezi sita yote ni goldfishi.

Hapo nikaona picha. Goldfishi yupo ukoo mmoja na samaki anayeitwa kapu (carp), na samaki wengi wa ukoo huo mwilini wana kimeng'enya kinaitwa thiaminasi, kazi yake kuvunja thiamini, yaani vitamini B1. Mnyama akila hao tu, B1 yake inaliwa tumboni kabla mwili haujaipata, na kwa kuwa B1 ndo inawezesha ubongo na neva kutumia sukari, mwisho anakosa mizani, anazunguka, anapata degedege. Hili jambo si geni, miaka ya 1930 huko Minnesota, Marekani, kulikuwa na shamba la kufuga mbweha wa manyoya, walipokuwa wanalishwa kapu wabichi wakaanza kupooza na kufa, mpaka leo ugonjwa ule unaitwa kwa jina la mwenye shamba, Chastek. Paka wakilishwa samaki wabichi wa aina hiyo peke yake wanaangukia huko huko, anashindwa kunyanyua kichwa. Na usidhani friza inasaidia, kugandisha hakuui kile kimeng'enya, moto ndo unakiua. Perege na sato hawana shida hiyo, gapi na ndugu yake moli pia hawana.

Hukumu yangu mimi ni kwamba B1 ilikuwa inamalizika taratibu tangu mwezi wa pili wa tatu, na baridi ya Julai ndo ikamsukuma aliyekuwa ameshasimama ukingoni. Kwa nini mmoja na si wote? Kwa sababu mkubwa alikuwa mlafi. Ulafi umemwokoa.

Tulichofanya. Hita ikarudi lakini kwa kupandisha nyuzi mbili tu kwa siku, ukimtoa samaki kwenye baridi ukamtia kwenye joto ghafla unammaliza. Maji tukabadilisha theluthi kila baada ya siku moja, ya bomba yakikaa kwanza kwenye ndoo wazi usiku na mchana ili klorini itoke. Kichujio tukakisuuza kwenye maji ya tanki lenyewe, si ya bomba, kwa sababu wale bakteria wanaokula amonia wanaishi kwenye ile sponji na klorini inawaua. Minofu ya perege nikaikata vipande kama punje za maharage nikailoweka kwenye vitamini za kuku zile za kuchanganya na maji, zina vitamini B ndani yake. Mkubwa siku ya tano akachukua kipande kimoja, akatema, akachukua tena. Mdogo hakula kabisa. Tulijaribu kumsogezea kwa kijiti, anazunguka tu. Siku ya nne alikuwa ameshakufa asubuhi, kijana akamfukia chini ya mzabibu wa baba yake wala hakuniambia mpaka jioni.

Agosti tukaanza upya, safari hii mimi ndo mwenyekiti.

Tulinunua pipa la bluu la lita 200 lililokuwa la juisi, uulize lilibeba nini kabla, yapo yaliyobeba kemikali. Fundi akalichana kwa urefu, tukapata mahodhi mawili ya kama lita 90 kila moja. Tukayapanga ukuta wa mashariki, jua la asubuhi linayapasha, la saa nane ukuta unayakinga. Hodhi moja ni la wazazi, majike sita na madume wawili, hapo neti hairuhusiwi kuingia, marufuku, nimeandika kwa maka pen pembeni USIVUE HAPA. La pili ni la kukuzia.

Maficho ya vifaranga nilitengeneza kwa kamba ya manila ya kijani, ile ya kufungia mizigo. Unakata urefu wa mkono, unafumua nyuzi zote mpaka inakuwa kama nywele za mwanasesere, unafunga upande mmoja kwenye chupa tupu ya maji iliyofungwa kizibo ili ielee. Nyuzi zinaning'inia, kifaranga anazama humo ndani, mama yake mnene hapiti. Ukiinua ile chupa asubuhi taratibu juu ya kikombe unawaona wanadondoka, kama vipande vya majani ya chai vyenye macho, unawahamishia hodhi la pili. Mwezi wa kwanza kwa njia hii tuliokoa zaidi ya nusu, wakati beseni tupu lilikuwa linatupa theluthi kwa shida.

Mwezi wa pili tukashtuka, hodhi la kukuzia wanapungua na neti haijaingia. Nikadhani ndege, tukafunika chandarua. Wanaendelea kupungua. Siku nimetoa uchafu wa chini na mrija nikaona kidude cha kahawia, miguu sita, macho makubwa, kimelala kwenye tope kimetulia kama mzee barazani. Nikakiweka kwenye kikombe na kifaranga kimoja. Kikatulia tuli, halafu kikarusha taya lake la chini kama mkono wa mbele, kifaranga hayupo. Ni mtoto wa kereng'ende. Yule mdudu mzuri anayecheza juu ya maji alikuja kutaga kabla hatujafunika. Tulitoa watatu. Chandarua kiwe siku ya kwanza, si siku ya tatizo.

Chakula cha gapi nacho nilikibana, kwa sababu oska anakula alichokula gapi. Nilikuwa nawapa dagaa wa kusaga mlaini kabisa na pumba kidogo iliyochekechwa, pinchi ndogo mara mbili kwa siku, kinachobaki baada ya dakika tano ni sumu ya kesho. Vifaranga kiini cha yai la kuchemsha, kidogo mno, nukta. Wiki ambazo mbu wapo tunaweka ndoo ya majani pembeni tunavuna viluwiluwi kila siku mbili, hakuna chakula kinachowanenepesha kama hicho, ila ukisahau ndoo umefuga mbu wa mtaa mzima na majirani watakuja. Na siku moja kabla ya kulishia, wale wanaokwenda kuliwa wanashibishwa kabisa.

Sheria ya kuvua ndo ile ya jogoo. Wakifikisha wiki kadhaa dume linaanza kujitambulisha, rangi inaingia mkiani, na pezi la chini linachongoka kama sindano. Madume wote wanatengwa, hao ndo chakula. Majike wanabaki kukua, tunachagua sita wakubwa wenye mgongo ulionyooka wakae akiba ya uzazi, waliobaki nao wanakwenda. Anayevua wakubwa kila siku akaacha vidudu, baada ya vizazi vichache atakuwa na ukoo wa vidudu. Na kila baada ya miezi kadhaa tunabadilishana madume na pipa langu la mchicha, damu isikae moja.

Na mahitaji tulishusha. Oska mmoja, gapi kumi na mbili kwa wiki, sita Jumatano sita Jumamosi, hamsini kwa mwezi. Siku nyingine pelleti, perege, panzi wakati wa mvua, kamba (prawns) mmoja mmoja wakipatikana. Porini oska hali samaki tu, anakula wadudu, konokono, hata matunda yanayodondoka mtoni. Kwa hamsini kwa mwezi majike sita wanatosha na ziada inabaki, na kwenye foleni wanakuwepo kama mia na hamsini tu.

Mambo ya luku wifi aliyamaliza mwenyewe, alishona kifuniko cha godoro chakavu akalivisha tanki pande tatu na juu, hita sasa inawaka kidogo sana. Kichwa hicho sikuwa nacho mimi.

Desemba mvua zilipoanza kaka akaniambia ziada tuwamwage kwenye korongo la nyuma, au awapelekee rafiki yake awatupe bwawani Hombolo ili wawe wanakula mbu. Nilikataa. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kwa nia njema tu, kamuulize furu, wale samaki wadogo wa ziwani aliowamaliza, yuko wapi. Ziada yangu inakwenda kwa kuku, kuku hawaachi.

Juzi kijana kaja dukani, shikamoo shangazi, anajikuna kichwa, nikajua. Anataka kununua oska wa pili, yule mkubwa yupo peke yake anaonekana mpweke. Nikamwambia daftari la gapi liko wapi. Akasema kalisahau nyumbani. Nikamwambia basi na oska amsahau kwanza huko huko, mpaka nione kurasa za Novemba na Desemba.